Mwenye Alimubeba Bénite

Siku Mama aliniita Butembo, nilikuwa nageuza kakao ku bâche ya kuanikia, mu cour, mbele ya nyumba ya Papa Nassoro, mu Bungulu, hapa Beni. Njo kazi yangu. Papa Nassoro ananunua kakao ya batu ba Mbau na Mangina, mimi nayianika ku jua, nayigeuza na mikono, naangalia mawingu. Kakao iko kama mutoto mwenye anahara: ukimutolea macho kidogo tu, unakuta mambo imeharibika.

Sikitu, bibi ya Papa Nassoro, alitoka mu nyumba na telefone mbele ya uso.

— Masika, kuja uone mudogo wako. Beko banamuonyesha tena.

Nilipangusa mikono ku kikwembe, nikachungulia. Mu telefone mulikuwa salle kubwa yenye inang'aa kama église siku ya Noeli. Musichana mufupi, mabega kama ya mwanaume mwenye anabeba mifuko ku soko, alikuwa amesimama ku poutre. Ile poutre ni kibao kirefu, upana yake ni kiganja tu, na iko juu, inaweza kunifika ku kifua. Benye kufanya gymnastique banaruka juu yake, kichwa inaenda chini, miguu inaenda mbinguni, kisha banarudi kusimama kama hakuna kitu. Mikono yake ilikuwa nyeupe na unga, ungesema ametoka kutwanga mihogo. Aligeuka nyuma mara moja, akageuka tena, akasimama. Batu bakapiga makofi. Chini bakaandika jina: Séphora Masika, Canada.

— Jina yako, Sikitu alisema. Kila siku inanichekesha. Wewe uko hapa unanuka kakao, jina yako iko Canada inavaa nguo ya kung'aa.

— Muache. Nilimuazima.

— Batu banaazima chumvi, banaazima moto. Jina, sijasikia.

Alikuwa anajua habari yote, juu nilikuwa nimemuelezea zamani. Kwetu Banande, jina haiokotwe njiani. Mutoto mwanamuke wa kwanza ni Masika. Wa tatu ni Kavugho. Ata kama wa pili alikufa mbele ya kumaliza mwezi, kama vile ilikuwa kwetu, mwenye anamufuata hachukue nafasi yake. Anabaki wa tatu, juu jina inahesabu ata bafu. Mimi njo Masika, Séphora ku ubatizo. Mudogo wangu njo Kavugho, Bénite ku ubatizo. Na Mama, mu quartier yetu kule Butembo, kila mutu anamuita Mama Masika. Mimi njo nilimupa ile jina siku nilizaliwa.

Mama mudogo Rébecca, ndugu ya Mama, alikuwa amekimbilia Kampala, na kutoka pale bazungu bakamupeleka Montréal. Hakukuwa na mutoto. Akatuma habari kwetu: munipe mutoto mumoja, nimulee. Nilikuwa na miaka saba, Bénite mitano. Bénite akaenda. Nikaambiwa mama mudogo alitaka mwenye mudogo, juu mudogo anasahau mbio. Kisha, wakati nilipata akili ya kuuliza maulizo, nikaambiwa ingine tena: Bénite hakukuwa na acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa, donc bakamupa yangu.

— Ni jina ya mu makaratasi, Mama alisema. Ya kudanganya frontière. Huku kwetu wewe njo Masika.

Nikakubali. Nilifikiri jina yangu imeenda kusaidia, kama sufuria yenye inaenda ku matanga ya jirani, na siku moja itarudi.

Na kweli, nilipenda kufuata kazi ya mudogo wangu. Mama mudogo alikuwa anapiga telefone, Mama anasikiliza, mimi nasimama karibu. Kule Montréal Bénite alivunja fauteuil, akavunja taa, mwisho mwalimu wake akasema huyu mutoto bamupeleke kwenye banafundisha kuruka. Bakamupeleka. Akawa anaruka mbele ya masomo na nyuma ya masomo. Ngozi ya mikono yake ilikuwa inatoka juu ya zile nondo mbili za kuninginia, moja juu, moja chini. Akashinda batoto ba mukoa yao. Bakamuchukua mu équipe ya inchi ya Canada. Mara ya kwanza aliingia na bakubwa, alitoka wa tatu ku poutre, na Mama alipika kuku, akaita majirani. Kisha kifundo cha muguu ikavunjika, bakatia vyuma ndani, batu bakasema amekwisha. Akarudi. Mwaka huu bamemuchagua tena kwenda ku mashindano ya dunia, na bote banajua itakuwa ya mwisho, juu mwili imechoka.

Nilikuwa najua ile yote. Vile telefone ya Sikitu ililia na nikasikia sauti ya Mama, nilifikiri ni habari ya ushindi.

— Uje Butembo, Mama alisema. Kuko batu ba Canada banafanya filme ya maisha ya mudogo wako. Bametafuta mutu wa kupiga picha kwetu. Banataka kuona familia.

— Nije nivae nini?

— Vaa vizuri. Na mbele haujaongea na mutu, uongee na mimi.

Kesho yake nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, nikafika Butembo saa ya kula. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mupya. Ata ukuta ya nyuma, kwenye nyayo za Bénite zilibakiaka. Mimi njo nilikuwa namushika miguu pale. Alikuwa anatia mikono chini, mimi nasukuma miguu ku ukuta, nasema usilegeze tumbo, usilegeze, na yeye anacheka kichwa chini. Ku darasa ile sikulipwa.

Mama alikuwa anachagua maharagi ku lungo. Nikakaa, nikachagua naye. Aliongea bila kuniangalia.

— Kesho, ile mutu wa camera akikuuliza jina, utasema Bénite.

— Bénite eko Canada.

— Mwenye eko Canada ni Séphora. Mwenye alibaki ni mudogo yake. Njo vile bazungu banajua. Familia yote imesema vile toka zamani.

— Mimi sijasema.

— Njo nakuambia useme.

Akanielezea. Kule, mutoto hawezi kuingia mu mashindano ya bakubwa paka mwaka yenye anafikisha kumi na sita. Bénite aliingia na miaka yangu. Kwa kweli yake alikuwa na kumi na ine. Kama ile itajulikana, medali zote za ile miaka zitarudishwa, bamufukuze mu équipe mbele ya mashindano ya mwisho, na benye alibashinda bamuite mwizi.

— Yeye hakuiba, Mama alisema. Alikuwa mutoto. Banamuvalisha jina, anavaa.

— Na mimi, bananivua, navuliwa.

— Masika, hapana anza.

Alisema Masika. Nikacheka, yeye hakucheka. Akapiga namba ya mama mudogo Rébecca, akanipa telefone juu mama mudogo anaongeaka utamu kumupita.

— Mutoto wangu, mama mudogo alisema, najua inakuuma. Lakini hapana kasirikia Bénite, na hapana kasirikia mimi. Mimi niliitisha wewe.

— Uliitisha nani?

— Wewe. Masika. Niliandikisha jina yako, miaka yako, nikaonyesha picha yako kwa bakubwa ba Canada. Nilikuja ku Kampala kukupokea. Nakuta katoto kadogo kanatembea na mikono ku aéroport. Ningefanya nini? Kukarudisha kwenye masasi ya vita? Mama yako akaniambia wewe ulikataa kuja, ulilia.

Mama aliacha maharagi.

— Allô? mama mudogo alisema. Masika, uko?

— Niko.

— Si ulikataa?

Nikaweka telefone chini ku mukeka, ikabaki inaita allô, allô, yenyewe. Nikamuangalia Mama.

— Nililia siku gani?

Mama alichukua maharagi moja yenye ilitobolewa na mududu, akaitupa, akachukua ingine yenye ilikuwa muzuri, akaitupa nayo.

— Nilikuwa na mimba ya mudogo wenu Salomon, alisema. Baba yako alikuwa hayuko. Wewe ulikuwa unajua kuwasha moto. Unajua kusonga fufu. Unajua kubeba mutoto na kumunyamazisha. Yeye alikuwa anajua nini? Kuvunja sahani. Mutoto mwanamuke wa kwanza njo mukono ya kuume ya mama yake, wewe unajua. Nani anakata mukono ya kuume anaituma Canada?

— Ungeniambia.

— Ningekuambia, ungenichukia mu nyumba yangu.

Njo vile. Mama alituma mwenye hakukuwa na faida, akabakisha mwenye ya faida. Ile faida, niliitoa yote: Salomon nilimulea mimi, masomo niliacha ku mwaka ya sita ya primaire, na leo Salomon eko université na ananiomba nimufulie chemise. Miaka yote nilikuwa nafikiri hawakunitaka kule. Kumbe bananitaka kule na huku, na huku bakanificha.

Sikulia. Nikamaliza kuchagua maharagi, juu yalikuwa ya kupika.

Mangaribi ile, Bénite mwenyewe alipiga, na picha. Uso yake ilijaa mu telefone. Nywele imevutwa nyuma, jicho kubwa, ya familia.

— Bonjour, Bénite, aliniambia.

— Bénite njo wewe.

— Je sais, najua. Najizoeza. Kesho nikikosea mbele yao, c'est fini, nimekwisha.

Swahili yake ilikuwa inachechemea, lakini haikufa. Alishusha telefone, akanionyesha kifundo cha muguu. Kovu ilikuwa ndefu kama panzi.

— Angalia. Njo bei. Unafikiri iko utamu? Kila anniversaire nazima bougie yako, mushumaa ya siku ulizaliwa. Yangu, sijui ata tarehe, Mama anakataa kusema ku telefone. Entraîneur, mwalimu wangu, alikuwa ananiambia, wasichana ba miaka yako bameisha kukomaa, wewe mbona unachelewa? Mimi nanyamaza. Miaka yote nanyamaza. Nisaidie, yaya. Mashindano moja tu, kisha naacha.

Aliniita yaya, mukubwa wake. Toka alienda, hakukuwa ameniita vile. Nikajichunga.

— Unakumbuka Mbau? niliuliza.

— Mbau?

— Njia ya Mbau. Tulikuwa kwa mukaka, bibi yetu muzee, ku shamba. Masasi ikalia. Ulikuwa umekatwa muguu na jembe, hauwezi kutembea. Nani alikubeba?

Aliangalia pembeni. Nyuma yake nikaona dirisha, na theluji, nyeupe kama unga yenye banamwaga bila kujali.

— Wewe, alisema polepole. Mukaka alibeba kitunga, wewe ukanibeba. Ukinishusha nalia. Tukalala mu njia, asubuhi ukanibeba tena paka Beni.

Nilisogeza blouse ku bega, nikamuonyesha alama. Kitenge yenye nilimufungia ilinikata pale, na ngozi haikurudi vile ilikuwa.

— Sikiliza, nilisema. Jina, chukua. Miaka, chukua. Kesho nitasema niko Bénite, niko mudogo, nitasema yote Mama anataka. Lakini ile ya Mbau usiiguse. Wakikuuliza habari ya vita, sema hauna. Ile iko yangu. Sina ingine.

— Promis, yaya.

— Sema na Swahili.

— Naapa.

Nikalala vizuri kupita vile nilikuwa nafikiri.

Mupiga picha alikuja asubuhi. Delphin, kijana wa Butembo mwenye anapigaka picha za ndoa, na alikuwa amezoea kuambia batu bacheke. Alitukalisha mu cour, mimi na Mama, na maua ya jirani nyuma yetu.

— Mama, inua kidevu. Wewe musichana, hapana kaza uso, haukuje kuzika mutu. Sasa, jina, na wewe ni nani kwa championne.

Mama alikuwa ananiangalia pembeni ya jicho.

— Naitwa Bénite, nilisema. Kavugho Bénite. Niko mudogo yake.

— Vizuri. Tuchukue tena, ndege imeimba.

Nikasema tena. Mara ya pili inatoka pepesi kupita ya kwanza, na njo ile iliniogopesha.

Tulikuwa katikati wakati muzee Kahongya, jirani yetu, aliweka kichwa juu ya lupango yenye inatutenga. Muzee haone vizuri, lakini ananitambuaka ku sauti.

— Masika, alisema. Umetoka Beni lini? Mbona haukunisalimia?

Mama akasimama mbio paka kiti ikaanguka.

— Papa, Masika eko Canada. Umesahau? Eko Canada anaruka.

Muzee alikamata lupango na mikono mbili. Akafikiri.

— Masika eko Canada, alisema. Ah. Basi ule mwenye analetaka mafuta ya mawese na ananikata makucha, ni nani?

— Ni Bénite, papa.

— Bénite, muzee alisema. Si ni yeye alienda?

— Hapana, papa. Ni yaya yake alienda.

— Basi nazeeka vibaya, muzee alisema, na akashuka, na nikasikia anaongea yeye peke ku cour yake, anahesabu batoto ba Mama ku vidole: Masika, ule mwenye alikufa, Kavugho, Salomon.

Delphin alikuwa amezima camera. Aliangalia lupango, akaniangalia mimi, akaangalia bega yangu, kwenye blouse ilikuwa imeteremuka. Delphin naye ni Munande. Hakuuliza kitu. Akawasha tena.

— Yaya yako alikufanyiaka nini, kitu chenye hautasahau?

Pale ningeweza kusema. Midomo ilikuwa imefunguka. Nikafikiri ile kiapo, na nikafikiri na yangu.

— Alikuwa anatembea na mikono mu cour yote, nilisema. Alikuwa anatuchekesha sana.

— Na ingine?

— Hatukukaa sana pamoja.

Nikarudi Beni, ku kakao yangu. Sikuambia mutu, isipokuwa Sikitu. Nilimuambia Mama alifanya nini, na Sikitu akakaa chini ku mufuko tupu, akasema maneno ya mama yangu yenye siwezi kuandika. Kisha akauliza:

— Na wewe ulikubali.

— Nilibakisha kitu moja.

— Kitu moja, Sikitu alisema. Mwenye alikula mbuzi, unamuachia mukia uone kama hataula.

Filme ilitoka wakati mvua ilikuwa imeanza. Mama mudogo aliituma, Sikitu akaifungua. Tulikaa mu dépôt, katikati ya mifuko, Papa Nassoro naye akasimama nyuma yetu na kikombe cha chai. Tukaona salle, tukaona nondo, tukaona Bénite ametia muguu mu barafu. Tukaona nyumba yetu na chokaa yake. Mimi nikapita mbio, nasema alikuwa anatuchekesha sana, na chini bakaandika: Bénite, mudogo.

— Uko muzuri, Papa Nassoro alisema. Lakini ungejipaka mafuta.

Kisha bakamukalisha Bénite mbele ya dirisha. Muzungu mwanamuke akamuuliza hii nguvu yote ilitoka wapi. Bénite akajibu na Kifaransa, lakini Kifaransa pepesi, ata mimi wa primaire niliisikia neno kwa neno.

Alisema: nilikuwa na miaka saba. Tulikuwa kwa bibi yetu, mahali panaitwa Mbau. Wakaanza kupiga risasi. Mudogo wangu alikuwa ameumia muguu. Nikamufunga ku mugongo na kitenge. Nikimushusha analia. Tukalala njiani, asubuhi nikamubeba tena paka Beni. Alikuwa muzito. Kila mara niko ku poutre na miguu inatetemeka, nafikiri ile njia.

Na alilia. Machozi ya kweli, mimi namujua toka mutoto. Ule muzungu naye alilia. Bakaweka muziki.

Papa Nassoro alisema maskini, akafuta jicho. Sikitu akamuangalia vile mutu anaangalia mbuzi yenye imeingia mu nyumba, akamutuma achunge mvua.

— Mupigie, nilimuambia Sikitu.

Alipiga. Bénite akapokea mbio, kama alikuwa anangoja.

— Yaya.

— Uliapa.

— Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Banauliza, banauliza, kila siku. Banataka histoire. Nikasema sina. Banasema haiwezekani, mutu wa Beni, wa vita, hauna ata moja?

— Ungetafuta yako.

— Iko wapi? alisema, na sauti ikapanda. Niambie, iko wapi? Nilienda na jina yako, na miaka yako. Yote yenye nakumbuka huko iko na wewe ndani. Nikifunga macho naona mugongo yako tu. Sina yangu, Séphora. Zote ziko zako.

— Donc ukachukua.

— Nilichukua yenye ilikuwa karibu.

Nilisikiliza ile maneno. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu. Nikamurudishia Sikitu telefone bila kuaga. Nikatia mukono ku bega, chini ya blouse. Miaka yote ile alama ilikuwa inaniambia kitu. Sasa batu bote ba Canada banajua hadithi yake, na kwa hesabu yao mimi njo niliyekuwa muzito.

Delphin alipiga siku zenye zilifuata. Alikuwa ameona filme.

— Dada, alisema, mimi nimepiga ndoa nyingi, najua kuona nani anavaa nguo ya nani. Muzee hakuzeeka vibaya. Na kitenge inaacha alama kwa mwenye anabeba, si kwa mwenye anabebwa.

— Unataka nini, Delphin?

— Sitaki kitu. Nasema tu camera iko. Ukitaka, nakuja Beni, unakaa mbele, unasema jina yako ya kweli. Mashindano yao ni mwezi wenye unakuja. Dunia yote itasikia.

Nilimuomba angoje. Nilienda nje, nikageuza kakao, safu kwa safu. Mu mawazo nilimuona Bénite vile watamutoa ku poutre. Nilisikia utamu ya ile, sitadanganya. Nikaifikiri paka mwisho: bamuvue medali, bamuite mwizi, na mama mudogo aitwe, na Mama aulizwe. Nikajiona mimi mbele ya camera, nasema nilimubeba, nilimubeba, na kumbe ku ile saa niko namutupa katikati ya njia. Nani angeniamini? Ata mimi singejiamini.

— Hapana kuja, nilimuambia Delphin wakati nilirudi ku telefone.

— Unamuhurumia?

— Hapana. Sitaki aseme nilimutupa.

Akasema sawa, na kama nitaoa atanipigia picha na bei ya ndugu. Nikamuambia mwanamuke haoe, anaolewa. Akacheka.

Mama alipiga mara nyingi ile wiki, sikupokea. Mama mudogo naye. Sikitu alichoka kunipelekea telefone mu cour, akawa anaijibu mwenyewe, anasema niko ku kakao, na haikuwa uongo.

Siku ya mashindano hatukuangalia. Mvua ilikuwa imekatika, tulikuwa na mifuko mingi ya kuanika. Muchana kati, Sikitu akatoka tena na ile telefone, ameishika mbali na mwili.

— Ni mudogo wako. Analia. Anasema alianguka ku poutre, mara ya kwanza tu aliporuka, mbele ya batu bote. Anasema anataka kusikia sauti yako, ata kidogo.

Nilikuwa nimepiga magoti ku bâche. Sikuinuka.

— Mwambie nilimufikisha Beni, nilisema. Kutoka pale atembee.

Sikitu akaniangalia. Alifikiri nitabadilisha. Akangoja. Kisha akaleta telefone ku sikio, na akasema na sauti ya taratibu, yenye sijawahi kusikia kwake:

— Bénite, mama, anasema alikufikisha Beni. Anasema sasa utembee.